Taulo Zilizookoka

Jumapili, Julai 1996. Kabiro, Kawangware.

Hakuna jua. Tangu Ijumaa Nairobi imefunikwa kama sufuria, na mimi nimekaa mlangoni pangu nikichunga nepi. Nilizifua asubuhi kabla ya kanisa, nimerudi bado zinadondoka. Mwanangu Nafula amelala ndani na kifua chake kinakoroma kidogo. Kwa hii plot yetu ya vyumba vya kupanga kamba ni ya wote, lakini macho ni ya kila mtu na yake. Ukiingia ndani kukoroga uji unatoka unakuta kamba imepungua, na hakuna aliyeona kitu.

Kwa hivyo nachunga, na nikichunga naandika, maana nikikaa bure mikono inatafuta kitu cha kukunja.

Kesho nikifika kazini Madam Gathoni atanitaka jina la mtu.

Jina hilo nalijua. Liko hapa hapa, ng'ambo ya kamba, limeinama kwenye karai linafua yunifomu yake ya kazi.

Acha nianze na taulo, kwa sababu shida yote ni taulo.

Nafanya kazi londri, kwa hoteli moja ya watalii huko tauni. Mimi ni kibarua. Mwezi ukiisha naambiwa rudi, ama siambiwi. Shuka, foronya, taulo na vitambaa vya meza vinashushwa kutoka ghorofa za juu vimefungwa mizigo mizigo. Sisi tunavifua, mashine inavikausha, na Wanjiru anavipitisha kwa ile roli kubwa ya mvuke huku akituchekesha. Mvuke unatoka kwa boila nyuma ya jikoni. Boila inakunywa mafuta mazito meusi, na bomba lake linapumua mbele ya dirisha letu. Wageni hawalioni. Wao vyumba vyao vinaangalia bustani.

Mwezi wa nne tuliitwa mkutano, sisi wa londri na wale wa kusafisha vyumba. Madam Gathoni, ambaye ni mkubwa wetu sote, alikuja na kijana mmoja mwenye shati safi. Kijana akatueleza kwamba kampuni ya Ulaya inayoleta wageni wengi imesema kuanzia sasa italaza watu wake kwa hoteli zinazopunguza moto. Wageni wenyewe ndio wanauliza. Moshi wa safari zao unapanda, hauondoki, unakaa huko juu kama blanketi, na dunia inapata joto na mvua zinapotea njia. Stima wanayotumia wakiwa hapa, maji moto, mashine zetu, vyote ni sehemu ya moshi huo.

Wanjiru akainua mkono. Akauliza, hiyo ndege walikuja nayo, inatumia maji ama ni maombi?

Tulicheka mpaka Madam akagonga meza. Kijana naye alicheka. Akasema ya ndege imempita uwezo, lakini ya taulo iko mikononi mwetu, na mtu huanza na ile anafikia. Nilimpenda kwa jibu hilo. Hakujifanya.

Basi wakaanza. Bulb za zamani zikatolewa korido nzima, zikawekwa zile nyembamba za mwanga mweupe. Maji ya kuoga yakapunguzwa moto. Mabomba ya mvuke yakavalishwa yasipoteze joto, kama mtu amevunjika mguu. Na kila bafu ikawekwa kadi ndogo: mgeni akitundika taulo, ataitumia tena kesho; akiiacha chini, sisi tunaichukua tunaifua.

Siku ya kutueleza kadi, Madam alisema kwa Kiswahili chake cha haraka, "Hii hoteli sasa inaokoa. Inaokoa stima, inaokoa maji, inaokoa moto."

Hangefaa kusema hivyo mbele ya Wanjiru.

Kuanzia siku hiyo taulo ikitundikwa tunasema imeokoka. Ikiwa chini ni mwenye dhambi. Mzigo ukiteremka Wanjiru anaufungua akiuliza kama leo tumeletewa wenye dhambi wa kutosha. Kama ni mdogo anainua mikono juu, anasema uamsho umefika Nairobi.

Mzigo ulipungua kweli. Wiki ya kwanza tulifurahi, mgongo ukapumzika, tukapata hata nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Wiki iliyofuata hatukucheka sana. Kila mmoja alikuwa anafikiria kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema.

Taulo zote zikiokoka, sisi tutafua nini?

Hapo ndipo usingizi wangu ulianza kuniruka. Na hiki ni kitu sijamwambia mtu, hata baba Nafula aliyeko Naivasha kwa kazi ya mjengo sijamwambia: lile neno la yule kijana naliamini, na naliogopa. Naliamini kwa sababu ya kifua cha mtoto wangu. Kliniki waliniambia ni moshi. Nyumba ni chumba kimoja, jiko liko ndani, dirisha ni tundu. Kila nikipuliza makaa namwona akikunja uso. Moshi wa boila na moshi wa jiko si ni ndugu? Wakisema upunguzwe, mimi ni nani nikatae. Na huko kwetu Bungoma mama yangu anasema siku hizi unapanda mahindi unabaki kuangalia mawingu kama mtu anangojea mkwe asiyekuja.

Lakini moto ambao wanaupunguza ndio unanilisha. Nafanyaje na hilo?

Nimeinuka kugeuza nepi. Bado mbichi.

Mwezi uliopita mzigo wa ghorofa ya tatu ulianza kunenepa tena. Ghorofa zingine hapana, ni hiyo tu. Na taulo zilikuwa za ajabu. Taulo iliyoachwa chini inakuja imejikunja, nzito, ina nywele. Hizi zilikuja zimekauka, na katikati zina mkunjo wa ule mti wa kutundikia. Ukiishika unajua huyu alikuwa ametundikwa vizuri, mtu akamshusha.

Wanjiru alinusa moja, akatangaza kwamba ghorofa ya tatu watu wamerudi nyuma.

Kwa mtu aliyeokoka hakuna aibu kama kurudi nyuma. Ghorofa hiyo inasafishwa na akina mama kadhaa wanaobadilishana vyumba, lakini kila mmoja ana fundo lake la kufunga mzigo, na fundo hili lilikuwa la jirani yangu Mama Kevo, ambaye ameokoka si kwa utani, anaongoza maombi ya akina mama kwa kanisa letu la mabati hapa juu. Ndiyo maana kicheko kilikuwa kikubwa hivyo. Mama wa maombi ndiye anaangusha waliookoka. Kila mzigo wake ukishuka, mtu anapiga chafya ya "aleluya" ndani ya kitambaa.

Nilicheka pia. Mzigo ukiwa mzito nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, bila kumwambia namshukuru kwa nini.

Hatukumuuliza Mama Kevo. Hakutuambia.

Halafu akaja nyanya mmoja Mzungu. Nilimwona mara moja tu kwa korido ya nyuma, mfupi, ana viatu vya kutembea mlima. Kila siku alikuwa anatundika taulo yake, na kila siku akirudi anakuta mpya. Akadhani amekosea kusoma kadi. Basi akachukua pini akaibana pembeni na kipande cha uzi mwekundu, akatundika, akatoka kwenda kuona twiga. Aliporudi, taulo ni nyeupe safi na uzi hakuna.

Uzi ulikuwa kwetu. Pini ilimdunga Wanjiru kidole.

Yule nyanya hakupiga kelele. Alienda kwa meza ya mapokezi akauliza, kwa upole, kama anaweza kurudishiwa taulo yake ya jana. Wanasema hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kiongozi wa safari yao akasikia. Akamwambia meneja kwamba basi hiyo kadi ni pambo, na kwamba wanaenda mbuga ya Mara, wakirudi Jumatatu anataka kuelezwa, ama msimu ujao watu wake watalala kwingine.

Jana Madam Gathoni akaniita stoo ya shuka. Akafunga mlango. Nilijua kabla hajakaa.

Aliniambia mashine ya kukaushia itazimwa mwisho wa mwezi, inakula stima kupita vitu vyote. Wataweka kamba juu ya paa, kukauka kutakuwa kwa jua na upepo. Kwa hivyo anahitaji mtu mmoja wa kamba, na huyo si kibarua, huyo anaandikwa. Vibarua wengine hajui kama watabaki. Kisha akaniangalia.

"Mama Nafula, wewe unakaa na watu wa juu plot moja. Ni nani anaangusha?"

Nikasema sijui, Madam.

"Jumatatu utajua," akasema, akanifungulia mlango.

Madam si mtu mbaya. Nafula alipolazwa alinipa siku bila kuniuliza maswali. Lakini jana sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye pia ameitwa kwa chumba fulani, mlango ukafungwa. Hofu inashuka ngazi kama mizigo ya nguo. Inaanzia juu kabisa, na ikifika chini imekuwa nzito.

Nikatoka nikaenda Kibera kumchukua mtoto. Dada yangu Nekesa anakaa huko huko, mtaa wa Soweto West, na ndiye ananiwekea Nafula nikiwa kazi. Anapika mandazi mlangoni kwake, kwa hivyo moshi mtoto hakosi hata huko, lakini angalau anauvutia nje. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nekesa hana maneno mengi. Aligeuza mandazi yake, akayatoa, akapangusa mikono.

"Mtaje. Uji wa Nafula haupikwi na ujirani."

Nikamwambia, lakini ni Mama Kevo.

"Na huyu ni Nafula," akasema, akanifunga mtoto mgongoni, akakaza leso kuliko kawaida.

Nilipandia njia ya Ayany nikatokea Ngong Road, nikafuata barabara mpaka stendi ya Corner, nikaingia Kawangware kukiwa bado na mwanga. Njia nzima Nafula anakohoa shingoni mwangu. Kila akikohoa naona Nekesa ana haki. Akinyamaza naona hana.

Sasa lazima niandike ya koili, ndiyo nijue mwenyewe kwa nini nashindwa.

Plot yetu ni ya Baba Njuguna. Yeye ni mwenyeji wa hapa, shamba lilikuwa la babake kabla halijawa vyumba. Kwa yeye kuokoa stima si neno la juzi. Sheria yake ni bulb moja kila nyumba. Hakuna pasi ya stima, hakuna koili ya kuchemshia maji. Mita iko ukutani kwake, na watu wanasema anaisikiliza kama redio. Ukipatikana, unafunga vitu unahama.

Mwaka jana, baridi kama hii, Nafula alikuwa bado na kitovu. Makaa yaliniishia na mvua haikuwa inaniruhusu kutoka. Nikaazima koili kwa jamaa mmoja wa nyumba za nyuma, nikaitia ndani ya ndoo nimwogeshe mtoto. Stima ya plot nzima ikaenda. Baba Njuguna akatoka na tochi, mlango kwa mlango, ananusa ndoo za watu. Mimi niko na mtoto uchi mkononi na maji yanafuka.

Mama Kevo nyumba yake inapakana na yangu. Aliingia bila kubisha, akang'oa hiyo koili, akatoka nayo akiwa ameifunga na leso, akamkuta mzee hapo nje. Nilimsikia kupitia mabati.

"Ni yangu, Baba Njuguna. Nilikuwa naharakisha chai ya maombi."

Mzee alimkatia waya. Hakumfukuza, kwa sababu amekaa hapa miaka na ni mtu wa kanisa. Lakini Mama Kevo alikaa na koroboi mpaka mvua za Oktoba, na Kevo akasomea hapa kwangu, chini ya bulb yangu, akidhani mamake ndiye alikosa. Hakuniambia kitu. Sikuwahi kumwona hata akiangalia bulb yangu vibaya. Baadaye ndiye alinipeleka kwa Madam Gathoni akasema huyu ni msichana wetu, anajua kufua.

Kwa hii plot hatutajani. Hiyo najua.

Lakini hoteli si plot. Na Baba Njuguna alikuwa anaokoa stima ya mfuko wake. Hawa wa hoteli hata kama wanafanya kwa sababu ya wageni, ile kitu wanapunguza ni ile ile iko kwa kifua cha mtoto wangu. Mama Kevo akiangusha taulo kavu, boila inawaka bure. Huo moshi wa bure ni wa nani? Siwezi kusema ni wa Wazungu.

Na bado siwezi kusema jina lake.

Nimeandika hapo juu nikadhani nimemaliza. Lakini Mama Kevo ameinuka kutoka kwa karai, amekuja kwa kamba na yunifomu yake, na amesukuma nepi zangu zikakaribiana ili apate nafasi. Nimeenda kumsaidia kubana. Tumesimama hapo, uso wake upande mmoja wa kamba na wangu upande mwingine, na nepi katikati.

Nikamwambia Madam ameniuliza jina.

Alibana pegi ya kwanza. Akabana ya pili. Akauliza nilisema nini. Nikasema nilisema sijui.

"Basi."

"Si basi, Mama Kevo."

Hapo akaniangalia. Nilitarajia utani, ama mstari wa Biblia, yeye huwa na mmoja kwa kila kitu. Badala yake akasema taratibu, kama mtu anamweleza mtoto, "Wewe unafikiri nilikuwa naangushia nani? Mimi nimeandikwa. Taulo ziwe moja, ziwe mia, mimi nitasafisha vyumba. Ni nyinyi wa chini. Madam alisema mbele yangu mzigo ukipungua vibarua wanaenda. Mimi ndio nilikuleta hapo. Nikuone ukirudi ushago Bungoma na mtoto mgonjwa, juu ya kakadi?"

Sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja. Wiki zote hizo nilidhani ni uvivu wake, au ni kiburi cha kutopenda mabadiliko. Tukacheka. Kumbe kila taulo kavu niliyofua ilikuwa imeangushwa kwa jina langu.

Niliona aibu na nikakasirika pamoja. Sijui kama mtu mwingine huwa hivyo, vitu viwili vinaingia mlango mmoja na hakuna anayempisha mwenzake.

"Sikukuomba," nikamwambia.

"Hata koili hukuomba."

Hilo lilinipata. Nafula akakohoa ndani, na hicho kikohozi ndicho kilinipa mdomo. Nikamwambia, "Mama Kevo, usiniokoe hivyo tena. Unaniokoa kwa kuangusha waliookoka."

Sikukusudia mzaha. Ulitoka tu, maneno ya Wanjiru yamenikaa. Mama Kevo alijikaza, akajikaza, kisha mabega yakaanza kutikisika. Akasema anajua tunavyomwita huko chini. Anasikia zile aleluya zetu. Akasema siku ya kwanza kuangusha alimwambia Mungu amsamehe, ni taulo tu. Siku ya pili hakumwambia kitu, na hiyo ndiyo imekuwa ikimsumbua.

Halafu kicheko kikaisha, na tukabaki na kesho.

Nikamwambia nilichoamua, na nilikuwa naamua nikisema. Kwamba sitamtaja. Lakini pia sitarudia sijui, kwa sababu ni uongo, na kwa sababu nimechoka kuficha kitu ambacho sikitaki kiendelee. Nitamwambia Madam najua, na jina silitoi, na haitafanyika tena. Na nitamwambia habari ya kamba. Mashine ya kukaushia unabonyeza, unaenda zako. Jua halina pa kubonyeza. Linataka mtu wa kuanika, mtu wa kugeuza, mtu wa kuangalia wingu, na mikono ya kuanua yote kabla tone la kwanza. Shuka za hoteli nzima, Julai hii, mtu mmoja juu ya paa? Atalia. Wakizima mashine watahitaji watu zaidi, si kidogo. Labda wamelifikiria hilo. Labda hawajalifikiria, kwa sababu huko juu hakuna anayeanika. Mimi nitasema tu.

Mama Kevo akasema, "Atakufukuza hapo hapo mlangoni, kabla hujafika kwa kamba."

Nikasema pengine.

"Na mtoto?"

Nikabana pegi ya mwisho ya yunifomu yake.

Akachukua karai lake, akaingia nyumbani kwake, akarudisha mlango. Hakuubamiza. Ningependa angeubamiza, ningejua amekasirika. Mlango uliorudishwa polepole hujui unamaanisha nini.

Nimekaa tena hapa. Kalamu inakwama kwa sababu ya baridi. Nawaza vile nitakavyosimama mbele ya Madam, na katika mawazo yangu kila mara sauti inanitoka ndogo. Nawaza Nekesa akisikia nimefukuzwa na jina sikutoa. Hatanipigia kelele. Atageuza mandazi tu. Nawaza yule nyanya na uzi wake mwekundu, amepanda ndege kutoka mbali hivyo, na anaona haya ya taulo moja. Wanjiru angesema aanze na ndege. Mimi sijui. Kwangu mimi taulo ya Nafula iko kwa msumari tangu Jumatano na hakuna mtu ametuwekea kadi. Nilidhani huo ni umaskini. Sikujua kuna watu wanapanda ndege wakitafuta kuishi hivyo kidogo.

Kumeanza manyunyu.

Nimeanua mbio mbio. Mama yangu alinifundisha nguo ya mtoto hailali nje, giza lisiikute kwa kamba. Alikuwa na sababu zake za usiku na watu wa usiku, mimi siku hizi nina sababu ya wezi, lakini mkono unaenda wenyewe. Nimezitandaza ndani kila mahali, kwa kiti, kwa kamba ya kitandani, kwa mlango. Nyumba inanuka sabuni na ubaridi. Jiko nimeliweka nje, chini ya mabati yanayotokeza, liwake mpaka moshi uishe ndiyo niliingize. Nafula ameamka anaangalia nepi zikining'inia juu yake kama mtu yuko kwa harusi.

Yunifomu ya Mama Kevo nilikuwa nimeiacha. Sikujua kama bado nina ruhusa ya kuigusa.

Nikatoka nikaianua pia. Ilikuwa imeloa kuliko alivyoianika.

Nilikuwa nimeishika hivyo, nikifikiria nibishe ama niiweke kwa kitasa, aliponikuta. Alikuwa na ile pasi yake ya makaa, mdomo wa pasi wazi, mtupu. Hakuniangalia, aliangalia jiko langu.

"Nigawie makaa. Hii kitu haikauki, na kesho natoka na wewe."

Nikamwambia si tunatoka pamoja kila siku.

"Kesho natangulia," akasema. "Kwa Madam naingia mimi kwanza. Wewe utakuja nyuma yangu na hiyo hadithi yako ya kamba."

Nikachukua koleo nikamjazia pasi, kaa moja moja, yale yaliyoiva hayana moshi. Nilitaka kumpa mengi akakataa, akasema niache ya maji ya mtoto. Sasa hivi namsikia hapo ng'ambo ya mabati, pasi inapita juu ya nguo mbichi, inalia tss, inanyamaza, inalia tena. Makaa hayo hayo yaliyobaki yanachemsha maji ya Nafula. Moto mmoja, nyumba mbili. Yule kijana wa shati safi angefurahi, lakini hakuna mtu atakuja kumwonyesha.

Naogopa bado. Isidhaniwe nimemaliza kuogopa. Kesho jioni tunaweza kuwa wawili bila kazi, na Kevo ana shule, na Nafula ana kifua, na Nekesa atakuwa na haki yake yote. Ama Madam atasikiliza. Ama atamsikiliza mmoja wetu tu. Nimegeuza yote na hakuna upande uliokauka.

Ila nguo zimeingia, zangu na zake. Ni mbichi, na Jumatatu haitangojea jua. Lakini hakuna iliyolala nje.